Ukuta Ulionisema

Kwa miaka mingi niliamini kuwa kazi ya fundi umeme inaishia pale plasta inapoanzia. Waya ukishaingia ukutani na taa ikawaka, mimi nimemaliza. Ya ukuta ni ya fundi uashi. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayeamini hivyo leo. Mimi nilikuwa hapo hapo, na nisingetoka kwa akili zangu mwenyewe.

Umeme nilijifunza mtaani, Dar es Salaam. Nilimaliza darasa la saba, ada ya kuendelea haikupatikana, mjomba akanikabidhi kwa fundi mmoja wa Tabata nikawa saidia fundi wake. Kazi yangu ilikuwa kubeba ngazi, kukata paipu na kuchimba kuta. Fundi wangu alikuwa mtu mwema na mwepesi wa mkono, lakini naye alijifunza kwa kutazama, kama nilivyojifunza mimi kwake. Hatukuulizana kwa nini jambo hufanywa hivi na si vile. Tuliulizana bosi anataka umeme lini, na salio tutalipwa lini.

Nilipoanza kujitegemea nilivuka maji nikahamia Kigamboni. Viwanja vilikuwa vinajengwa kila upande, na fundi asiyekaa bila kazi alidhani ni kwa sababu ya ustadi wake. Wakati huo DB ya kufukia, yaani lile boksi la breka linalogawa umeme wa nyumba, ilikuwa inashika kasi. Zamani watu waliridhika na ile ya juu, inayofungwa kwa skrubu juu ya plasta na kutokeza nje. Sasa kila mwenye nyumba alitaka ile inayolala sawa na ukuta, ubaki mlango wake tu. Ni nzuri kwa macho, haigongwi na makochi wakati wa kuhamia, na koridoni haimpunguzii mtu njia. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu yeyote: kilichofukiwa hakimsumbui fundi. Tofali ikimeguka, plasta itafunika. Paipu ikipinda, plasta itafunika.

Hata karatasi zilinisaidia kujificha. Ili TANESCO, shirika la umeme, walete umeme, fomu ya maombi ilitakiwa iwe na mchoro na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Mimi leseni sikuwa nayo. Nilimfahamu bwana mmoja aliyekuwa na muhuri. Unampelekea fomu na fedha kidogo, anagonga bila kuiona nyumba. Wateja wangu waliamini kuwa kuna mtu wa pili aliyeikagua kazi yangu. Hakuwepo.

Nyumba iliyonigeuza ilikuwa ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyejenga kwa kiinua mgongo chake. Nilipoitwa, kuta zilikuwa zimeshapigwa plasta. Zilijengwa kwa tofali za nchi sita zilizosimamishwa, yaani unene wa sentimita 15. Boksi la chuma nililonunua lilikuwa na kina cha karibu sentimita 10. Mtoto wa shule ya msingi angetoa moja katika nyingine akaona kinachobaki. Mimi sikutoa. Tena nilichagua ukuta wa nje, upande unaopigwa na mvua, kwa sababu nguzo ya umeme ilikuwa upande huo na waya mkubwa ungekuwa mfupi.

Sikukata mipaka kwa grainda. Nilishika tindo na nyundo nzito nikashindilia mpaka tofali ya nyuma ikatoboka, nikauona mwanga wa jua kutoka uani. Nilichanganya saruji kidogo, nikaziba kwa nje, nikatafuta rangi inayofanana. Kwa ndani boksi lilikuwa limezama kuliko uso wa plasta, nikalivuta mbele kwa vipande vya mbao. Matundu ya kupitishia nyaya niliyagonga kwa bisibisi, kingo zikabaki kali, na nyaya nikazipitisha hivyo hivyo bila buchi za kuzikinga. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, niliufikisha kwenye bizibaa lake, ule upau wa kuungia nyaya, lakini boksi lenyewe na mlango wake sikuviunganisha. Fimbo ya ethi niliipigilia nje kwenye mchanga mkavu. Taa zikawaka. Mama akanishukuru na kunilipa yote bila kubakiza.

Masika ilipoingia, akanipigia simu kwamba umeme unakatika ovyo. Nilikuta kinachokata ni RCCB, ile swichi kubwa ndani ya DB yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Nairudisha, inakaa kidogo, inakata tena. Nilichungulia huku na huku, sikuona kitu. Nikamwambia, "Mama, kifaa hiki kibovu, siku hizi vimejaa feki." Nikakiruka: nikaunga nyaya zipite moja kwa moja bila kukipitia. Umeme ukatulia. Mama akanipa chai na nauli, nikaondoka nikijiona mjanja.

Sasa naweza kueleza nilichofanya siku ile, kwa sababu nilikuja kufundishwa. RCCB hulinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Viwango vikiwa sawa, haifanyi lolote. Ile ya nyumbani, kukiwa na pengo la miliampia 30, inatakiwa ikate kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Pengo hilo maana yake ni kwamba kuna umeme umepata njia nyingine: ukuta uliolowa, bomba la maji, au mtu. Miliampia 10 zinaweza kuikaza misuli ya mkono mtu ashindwe kuachia alichoshika. Zikizidi 30 na zikadumu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Nilidhani breka zingeifanya kazi hiyo. Haziwezi. Chukua fimbo ya ethi iliyo kwenye mchanga mkavu, yenye ukinzani wa omu 100. Volti 230 zitapitisha hapo ampia 2.3 tu. Breka ya ampia 20 haitashtuka. Itauacha umeme huo uvuje usiku kucha. Katika nyumba kama ile, kifaa pekee kilichoweza kuliona kosa langu ndicho nilichokinyamazisha.

Asubuhi moja mama akapiga tena. Hakupaza sauti. Alisema, "Fundi, nimegusa mlango wa DB nikarushwa. Njoo."

Nilimkuta amekaa barazani, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Alikuwa amevaa kandambili za mpira, na sakafu ya koridoni ilikuwa kavu. Hizo ndizo zilizomwokoa, maana mimi sikuwa nimeacha kitu kingine cha kumwokoa. Mjukuu wake alizoea kucheza koridoni pale pale, pekupeku. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka, na kila nikiliwaza namshukuru Mungu kwa sababu hakuna lingine la kusema.

Kwenye nyumba hiyo alikuwepo pia mzee mmoja fundi uashi. Mama alikuwa amemwita kwa ajili ya unyevu na ufa uliojitokeza kwa nje. Mzee alinitazama, akauliza, "Kijana, wewe ndiye uliyefunga hii?"

Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la kumsingizia aliyepiga plasta. Nilikwisha kuzoea kulitumia. Nikasema, "Mzee, plasta ya hapa ilikuwa dhaifu." Hakunijibu. Alitaka tuzime umeme kuanzia kwenye mita, tukazima, nikahakikisha kwa testa. Kisha akatoka nje, akagongagonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake. Penye tofali ulilia mlio mzito. Penye kiraka changu ulilia mtupu. Aliingiza tindo kwenye ufa, akagonga taratibu, na kiraka chote kikabanduka kwa mara moja. Nyuma yake palikuwa na mchanga uliolowa na mgongo wa boksi uliokwishapata kutu. Nilipofungua kwa ndani tukaona waya wa moto mahali unapoingilia kwenye tundu: ukingo wa bati ulikuwa umekwangua ngozi yake hadi shaba ikawa wazi, na bati limeungua likawa jeusi.

Mzee alisema sentensi moja tu, tena kwa upole. "Huu ufa, mwanangu, haukuanzia kwenye plasta."

Nilikuwa na njia mbili, na moja nilikuwa naijua vizuri. Sijui kwa nini siku ile sikuipita. Nilimgeukia mama nikasema, "Mama, ni mimi. Ukuta niliutoboa mimi nikaficha, na ile swichi nilikudanganya. Haikuwa mbovu."

Nilitegemea polisi, au watu wa mtaani. Nilikuwa tayari kurudisha fedha ambazo sikuwa nazo. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote. Waliopigwa na umeme nimewapokea, na wengine waliletwa wameshakufa. Wewe utaifanya kazi hii upya, na Mzee atakaa nawe mpaka iishe." Alitoa fedha za boksi jipya kutoka kwenye pochi yake. Nilikataa, akaziweka mezani. "Nunua zuri. Na mchana mtakula hapa." Tulikula ugali na samaki wa kuchemsha, mimi na Mzee, katika nyumba ambayo ningeweza kuifanya ya matanga. Sikustahili hata maji ya kunawa.

Mzee hakunidai kitu kwa aliyonifundisha, nami nitayaeleza kama alivyonieleza, kwa kuwa huenda yakamfaa mtu.

Kwanza alinitoa kwenye ukuta wa nje. Tulizunguka nyumba tukitafuta ukuta wa ndani, mkavu, usiopakana na bafu wala kupitiwa na bomba. Tulipata mmoja ambao fundi wa kwanza alijenga kwa kulaza tofali, wenye unene wa nchi tisa. Boksi lilikaa ndani yake na nyuma pakabaki tofali ya kutosha. "Usiulize ukuta unaweza kutoboka kiasi gani," aliniambia. "Uliza utabaki na nini." Kuhusu mifereji ya paipu alinipa kanuni ambayo nimekuja kuikuta pia kwenye miongozo ya ujenzi ya Uingereza: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu ya sita. Katika tofali za nchi sita hiyo ni sentimita tano kwa wima na mbili na nusu kwa mlalo. Nilikumbuka kuta nilizozikata kwa mlalo kutoka chumba hadi chumba nikanyamaza.

Kisha tukachora. Boksi tuliliegemeza ukutani, tukapima kwa pima maji, tukapiga mistari tukiacha nafasi ya kidole kila upande kwa ajili ya udongo wa saruji wa kushikia. Mistari tukaikata kwa grainda kwanza, ili tindo likigonga, mpasuko uishie pale pale. Tukachimba tukianzia katikati kwenda pembeni, kwa nyundo ndogo. Alinikataza nyundo nzito: hutingisha viungo vya tofali za jirani, na kiungo kilicholegea hakionekani mpaka plasta ianze kuchora nyufa. Tundu lilikuwa pana kupita tofali moja, kwa hiyo juu yake akaweka linta ndogo ya zege yenye nondo mbili, akaiacha ikauke ndipo tukaendelea.

Kazi ya boksi lenyewe ilikuwa yangu, lakini alisimama pale pale. Kila tundu la paipu nililipiga msasa, nikaingiza adapta, nikakaza nati, nikavisha buchi laini. Paipu zote zilipanda wima hadi darini, na tukaongeza mbili tupu kwa ajili ya siku ambayo mama atataka kiyoyozi au pampu. Ndani ya boksi tulijaza magazeti na mdomo wake tukaufunika kwa nailoni na tepu, ili udongo usiingie kwenye skrubu.

Kisha likaja jambo ambalo miaka yote nililikosea. Mdomo wa boksi haupimwi na tofali. Hupimwa na uso wa plasta iliyokamilika. Mzee alibandika alama mbili za plasta ukutani, moja kila upande wa tundu, akalaza ubao ulionyooka juu yake. Boksi tukalisogeza mbele hadi likagusa ubao, likashikwa kwa kabari za mbao, likapimwa wima na mlalo. Alijaza udongo mgumu kidogo kuanzia nyuma na chini, akiushindilia kwa mpini ili usiache uwazi. Kabari zikatolewa siku iliyofuata na nafasi zake zikazibwa. Palipokutana boksi na tofali, na kwenye mifereji yote, alitandaza wavu wa kuku akaufunga kwa misumari kabla ya plasta, kwa sababu chuma na tofali havitanuki sawa kwa joto, na plasta iliyo juu ya mpaka wao hupasuka isiposhikwa.

Plasta ilipokauka nikavuta nyaya. Safari hii boksi na mlango niliviunganisha na ethi, kila kimoja kwa waya wake. Fimbo ya ethi niliihamishia kwenye udongo wenye unyevu, nikaongeza ya pili. Niliazima mega, kipimo cha ukinzani wa ngozi ya nyaya, nikapima kwa volti 500. Kanuni ni kwamba usomaji usipungue megaomu moja, nasi tulipata nyingi zaidi. RCCB mpya niliiunga mahali pake. Nilipowasha umeme nikamwita mama abonyeze mwenyewe kile kitufe cha T. Ikakata. Nikamwonyesha namna ya kuirudisha, nikamwomba afanye hivyo kila baada ya miezi michache, na nikaandika kwenye kila breka inahudumia wapi.

Ningependa kusema kuwa tangu siku hiyo nilikuwa mtu mpya. Haikuwa hivyo. Kazi iliyofuata nilitaja bei inayotosha kufanya hayo yote, mteja akaenda kwa mwingine. Nyingine nikaipunguza bei nikaipata, na nilipofika kwenye buchi, duka likiwa mbali na giza linaingia, niliziruka. Nililala vibaya, nikarudi kesho yake kuzifunga. Mazoea ya mkono hayasikii toba ya mdomo mara moja.

Kigumu zaidi kilikuwa nyumba za nyuma. Nilijua zilipo swichi nilizoziruka. Nilianza kuzipitia moja moja, nikigonga mlango na kusema, "Nilikuja hapa zamani, kuna kitu sikukifanya sawa, naomba nikirekebishe bila malipo." Mmoja alidhani nataka kumwibia. Mwingine alinitukana mbele ya watoto wake, na alikuwa na haki. Nyumba moja ilikuwa imeuzwa, na wenye nayo wapya hawakunifungulia. Nilimwachia jirani ujumbe na namba ya simu. Wengi, nashangaa mpaka leo, walinikaribisha. Mke wangu alivumilia miezi ambayo nilifanya kazi bila kuleta fedha nyumbani. Alijua sababu, kwa kuwa nilimwambia yote.

Baadaye nilisikia kuwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia mitaani. Nilijiunga nikiwa na mvi kidogo, kati ya vijana walioniita baba. Hapo ndipo nilipopata majina na hesabu za mambo ambayo Mzee alinionyesha kwa mwiko. Kutoka hapo nilifuata leseni ya EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa njia yake halali. Muhuri wa yule bwana sikuutafuta tena.

Fundi mwenzangu, huenda nawe una nyumba mahali ambayo simu yake ikiita unaogopa kupokea. Sikuandikii ili nikuhukumu; nina nyumba zangu. Rudi. Zima umeme kwenye mita, fungua DB, tazama kingo za matundu, tazama kama boksi limeunganishwa na ethi, na kama kuna RCCB iliyorukwa, tafuta inachokilalamikia ukitibu, kisha iunge tena. Gharama yake ni aibu ya nusu saa na vifaa vya bei ndogo. Nawe mwenye nyumba, bonyeza kitufe cha T leo. Kisipokata, ita fundi mwenye leseni, wala usikubali akuambie ukiache hivyo hivyo.

Yule mama yupo, na mjukuu wake sasa anasoma sekondari. Mimi nafundisha vijana wawili, na kabla sijawapa nyundo, nawapeleka kwanza kwa fundi uashi wakae naye, wajue ukuta umeundwaje. Nilisamehewa na watu ambao ningeweza kuwaua. Deni hilo silimalizi, lakini kila boksi ninaloliweka ukutani nalilipa kidogo.